Safari ya Kufuata Vidonge vya Pius

Kila aliyenikuta jikoni, kanisani au njiani kwenda mashineni ameniuliza swali lilelile: Leokadia, kulitokea nini huko mlikokwenda? Nimejibu vipande vipande, na kila nikijibu napandwa na hasira upya. Naona nitakufa kwa presha kabla sijamaliza kuwajibu wote. Basi naandika mara moja, atakayetaka asome, na asiyejua kusoma asomewe. Habari za tiketi na barua za rufaa nimeziacha, kwa sababu zile zingejaza daftari peke yake na hakuna ambaye zingemfaa.

Kaengesa hadi Sumbawanga

Pius ni mdogo wangu wa mwisho, fundi uashi, anaishi Mollo na mkewe Editha na watoto watatu. Mimi napika shule ya bweni hapa Kaengesa. Mnajua kwamba ana saratani ya damu, ingawa wengi wenu mnaisema kwa kunong'ona kama vile amefanya kosa. Kabla haijajulikana alitibiwa malaria mara nne na taifodi mara mbili, na huku tumbo lake upande wa kushoto limejaa kama mtu aliyemeza jiwe. Lilikuwa bandama. Kijana mmoja wa maabara ndiye aliyetazama damu yake akasema chembe nyeupe zimezidi mno, huyu apelekwe Dar es Salaam. Huko wakampa vidonge. Kimoja kila siku, maisha yote, na anavipata bure. Ndani ya miezi mitatu bandama likarudi mahali pake na Pius akapanda tena juu ya kuta za watu na mwiko wake.

Vile vidonge haviletwi Sumbawanga. Kila baada ya miezi mitatu anavifuata mwenyewe, siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Miaka miwili amekwenda peke yake, nami nilishaacha kuogopa.

Mwezi wa sita nesi wa kliniki akampigia simu. Majibu ya damu yamerudi mabaya, zile chembe zinapanda tena, aje kabla ya tarehe yake na aje na ndugu. Editha ana mtoto mchanga. Kwa hiyo nikaaga jikoni. Ningeweza kulisubiri basi barabarani hapa hapa, lakini nilipanda kwenda mjini kwanza nikamchukue Pius kwa mkono wangu, kwa sababu kwenye simu alikuwa amesema, "Dada, labda tungoje tarehe yenyewe." Mtu anaambiwa ugonjwa unapanda, anasema tungoje. Hasira yangu ya kwanza ilianzia hapo.

Sumbawanga hadi Mbeya

Baridi ya asubuhi ile mnaijua. Basi la saa kumi na mbili liliondoka saa mbili na nusu, kwa kuwa dereva alikuwa anangoja mizigo ya maharage ya mtu mmoja ambaye hata hakuomba radhi. Abiria tulikaa tumejikunyata ndani, kondakta anapita akisema, "Dakika tano tu, wazee." Alisema dakika tano mara nyingi mno.

Jirani yetu kitini alikuwa mama wa Mbeya, mfanyabiashara wa vitenge, mkarimu na mdomo mwingi. Tulipofika Laela akanunua mahindi ya kuchemsha akatugawia bila kuombwa. Pius akala, kisha akatoa kopo lake mfukoni, akameza kidonge na maji mengi kama anavyotakiwa. Yule mama akatazama kopo. Akamtazama Pius usoni, akaona macho yalivyovimba chini, maana dawa ile huvimbisha macho. Kisha akaniinamia mimi.

"Usijali, dada yangu," akasema taratibu. "Siku hizi watu wanaishi nazo miaka na miaka. Mradi asiache."

Nilielewa anadhani ni vidonge gani. "Siyo hizo," nikamwambia, na sikusema taratibu. "Ni saratani."

Watu wa viti vya mbele wakageuka. Yule mama akajishika kifua akasema pole, halafu akaanza kunieleza habari za mti fulani wa huko kwao ambao ukichemsha magome yake saratani inatoka kwenye mkojo. Pius akanigusa mkono kabla sijajibu.

"Hata zingekuwa zile, mama, si vibaya," akamwambia. "Asante kwa mahindi."

Ndivyo alivyo. Tangu mdogo mtu akimkanyaga yeye ndiye anayesema samahani.

Tunduma tulisimama kwa saa tatu nzima. Malori ya mpakani yalikuwa yamefunga barabara pande zote mbili, madereva wake wamelala chini ya matela kana kwamba wana uwezo wa kulala hapo hadi Krismasi. Tulikula wali na maharage kwa mama ntilie mmoja ambaye wali wake, nasema kama mpishi, ulikuwa haujaiva. Nikamwambia. Akanijibu kwamba wenye haraka ndio wanaokula hivyo hivyo. Tukafika Mbeya giza linaingia, tukalala kwenye gesti karibu na stendi.

Mbeya hadi Kitonga

Siku ya pili mambo yalikwenda vizuri hadi mchana. Tulipita Makambako, tukapita Iringa, nikaanza kuhesabu kwamba jioni tutafika. Tukaanza kuteremka mlima wa Kitonga. Kwenye kona ya katikati lori la saruji lilikuwa limelala ubavu, limeziba barabara yote, na mifuko imepasuka imetapakaa. Mlima huku, korongo kule. Dereva akazima injini. Tukashuka wote.

Tulikaa pale tangu saa saba hadi karibu saa kumi na moja. Wauza vitunguu, wauza ndizi na wauza maji walitokea sijui wapi, kwenye mlima usio na nyumba. Nikanunua ndizi mbivu na mayai, tukakaa kwenye ukingo wa zege. Tulipomaliza kula nikamwambia Pius, "Haya, meza dawa."

Alikuwa anatazama lori. Akajibu bila kufikiri, "Leo si zamu yangu, Dada."

Nikadhani sikusikia. "Zamu gani?"

Akachukua yai lililobaki. Niliona shingo yake inabadilika rangi.

"Pius, dawa ina zamu?"

Hapo ndipo alipotoa yote, polepole, huku anamenya yai ambalo hakulila. Kuna mzee mmoja wa Ilemba, anaitwa Kasiano, mkulima wa mpunga. Ana ugonjwa uleule na anakunywa vidonge vilevile. Walijuana kwenye benchi la kliniki, watu wawili wa Rukwa kati ya watu wa nchi nzima, wakawa wanasafiri pamoja. Mwaka uliopita mvua zilikata barabara ya kutoka bondeni, na mzee akaikosa tarehe yake. Alipofika kliniki na Pius miezi mitatu baadaye, alifokewa mbele ya watu wote kwamba anachezea dawa za msaada, wengine wanazililia. Wakamwambia arudi mkoani akaanze upya na barua mpya. Hakuwa na nauli ya kwenda na kurudi tena. Pius alikuwa ametoka dirishani na vidonge vyake vya miezi mitatu. Akamhesabia nusu walipofika stendi.

"Nilidhani ni mara moja tu," akasema. "Halafu barua yake ikawa haitoki. Kila akienda anaambiwa njoo kesho. Miezi mitatu ikaisha, nikamgawia tena. Siku moja mimi, siku ya pili yeye."

"Unampelekea vipi?"

"Kuna kijana wa gari la Ilemba."

"Na Editha anajua?"

"Hajui mtu."

Sijawahi kumpiga Pius tangu akiwa na miaka saba. Siku ile mkono ulinyanyuka wenyewe, nikaushusha. Lakini mdomo sikuuzuia. Nilimwambia mbele ya abiria wote kwamba ana watoto watatu na anajifanya Mungu. Nilimwambia kwamba nilipika uji wa watoto wa watu tangu saa kumi alfajiri ili apate nauli, naye akawa anamnunulia maisha mtu nisiyemjua. Yeye alikaa tu anatazama yai.

Muuza vitunguu mmoja, mtu mzima, alikuwa amesimama karibu na vikapu vyake. Akanijia kwa upole akasema, "Mama, msamehe tu. Wanaume ndivyo walivyo. Huyo mwanamke wa pembeni atapita, wewe utabaki."

"Huyu si mume wangu," nikamwambia. "Ni mdogo wangu. Na huyo wa pembeni si mwanamke, ni mzee wa Ilemba."

Alinitazama, akamtazama Pius. Kisha akabeba vikapu vyake akaenda kuuzia basi lingine. Leo nikikumbuka nacheka kidogo. Siku ile sikucheka.

Lori lilipovutwa pembeni nikamlazimisha Pius ameze kidonge kimoja mbele ya macho yangu, zamu au si zamu. Toka Kitonga hadi Dar es Salaam sikumsemesha. Mikumi watu walisimama kuonyeshana tembo kwenye mwanga wa taa za basi. Mimi niliangalia kiti cha mbele.

Dar es Salaam

Kliniki ile mtu anafika kabla ya jua na anaitwa mchana. Tulikaa kwenye mabenchi, joto limetushika, watu wa Ufipa na masweta yetu mapajani. Nesi alipofungua faili la Pius alitikisa kichwa kwa namna ya mwalimu aliyekamata mwizi wa chaki.

"Wewe hunywi dawa," akasema kwa sauti ya kusikika benchi zote. "Mnapewa vitu vya bure hamvithamini. Dawa hii unajua ni bei gani dukani?"

Pius akasema, "Nisamehe, sista." Basi. Hakumtaja mzee.

Nilikuwa nimemkasirikia mdogo wangu kuliko mtu yeyote duniani, lakini yule nesi aliposema vile nilijikuta nimesimama. Nikamwambia, "Hiyo sauti ndiyo iliyotufikisha hapa." Hakunielewa, naye alikuwa na haki ya kutonielewa. Akaniambia nikae.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye kusikiliza. Aliuliza kama kuna siku Pius anaruka dawa. Pius akatazama sakafu. Nikasema mimi. Nilieleza yote tangu mvua za bondeni hadi zamu, na nilipomaliza daktari aliweka kalamu chini.

Nilimwomba anieleze ile dawa inafanya nini hasa, maana miaka miwili nimesikia tu kwamba ni ya saratani. Alieleza kwa Kiswahili cha kawaida, nanyi nawaandikia kama nilivyoshika. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Kwa Pius vipande viwili vya vinasaba vilikatika, vikabadilishana mahali. Hakurithi, hakuambukizwa na wala hakurogwa. Pale vilipoungana vibaya ikazaliwa amri isiyozimika: tengeneza chembe nyeupe, tengeneza, usipumzike. Dawa nyingi za saratani zinapiga kila kitu, ndiyo maana watu wananyonyoka nywele. Kidonge hiki kinatafuta ile amri moja tu, kinaingia kwenye tundu lake na kuliziba.

"Lakini hakikai humo siku zote," akasema. "Mwili unakitoa. Ndiyo sababu ni kila siku, si siku moja moja. Ukiacha kesho, tundu liko wazi, chembe zinazaliana. Na katika kuzaliana, siku moja itazaliwa chembe ambayo tundu lake lina umbo jingine. Hiyo kidonge hakiwezi kuiziba tena, hata ukimeza kopo zima."

"Na huyo mzee aliyekula nusu nyingine?" nikauliza.

"Yeye pia hivyo hivyo. Nusu haimtibu yeyote kati yao."

Miaka kumi na tisa nimegawa ugali. Watoto wakiongezeka napunguza kila sahani kidogo, na hakuna anayekufa. Pius amekulia kwenye nyumba ya kugawana kama mimi. Nilimtazama nikaona kwamba sasa hivi tu, kwenye chumba kile, ndipo anaelewa alichokifanya. Alikuwa amedhani anampa mzee nusu ya uzima wake. Machozi yalimtoka bila sauti.

Wakamtoa damu kupima kama hizo chembe zimeshabadilika umbo. Majibu mwezi mmoja. Wakampa vidonge vya mwezi mmoja tu, aje vikiisha.

Pius akauliza, "Daktari, na vya mzee Kasiano je? Tunaweza kumbebea?"

Daktari alifungua kompyuta akatafuta. Jina la mzee lilikuwepo, kwenye orodha ya wagonjwa waliopotea.

"Hakupotea," nikasema. "Yuko Ilemba, ana simu, ana jirani. Mlimfukuza."

Alisema hawezi kutoa dawa kwa mtu ambaye damu yake haijapimwa kwa miezi mingi. Huenda kipimo chake sasa ni kingine, huenda chembe zake zimeshabadilika umbo. Aje mwenyewe, hata bila barua, amuulizie yeye. Nilimuuliza kwa nini vidonge ambavyo mtu anaweza kuvitia mfukoni haviwezi kukaa kwenye kabati la hospitali ya mkoa. Akasema ameandika kuhusu hilo zaidi ya mara moja. Nikauliza wamemjibu nini. Akasema bado. Sikuweza kumchukia, nikakosa hata pa kuiweka hasira yangu.

Tulipotoka nikapita kwenye duka la dawa la ng'ambo ya barabara kuuliza bei ya mwezi mmoja, ili nijue tu. Kijana wa dukani akanitajia. Nikamwomba arudie. Akarudia, ikawa ileile. Mahindi yetu yote ya mwaka, ya Kaengesa na ya Mollo, yangekuwa yameliwa na dawa kabla ya Pasaka.

Kurudi

Ya kurudi sina mengi. Gari halikukwama popote, na hilo nalo liliniudhi, kwani lilionyesha kwamba inawezekana. Mimi na Pius hatukuzungumza hadi Makambako. Pale akanunua chipsi na kuku, akanisogezea sahani bila neno. Nikala. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungekataa, Dada."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Basi."

Ukweli ni kwamba ningekataa, na mzee yule angekufa kabla ya Kwaresima, nami nisingejua jina lake. Sijui la kufanya na jambo hilo. Nimerudi nyumbani nalo.

Kushuka Ilemba

Kwa wiki tatu nilipika nikiwa nimekunja uso, wenzangu wa jikoni ni mashahidi. Kisha siku ya Jumamosi, zimebaki siku tano turudi Dar, nikapanda gari la Ilemba. Pius alitaka kuja, nikamkatalia. Nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia mzee na sikutaka mtu wa kunigusa mkono.

Ile barabara ya kushuka kwenye ukuta wa bonde ni kona na mawe matupu. Unatoka kwenye baridi na sweta, unafika chini unatafuta kivuli. Abiria tulikuwa tumebanwa juu ya magunia nyuma ya pikapu, na bibi mmoja alitapika hadi chini. Mimi nilikuwa narudia maneno yangu moyoni. Una watoto wakubwa. Ungeweza kusema hapana. Umemla mdogo wangu akiwa hai.

Nilimkuta uani anatengeneza mpini wa jembe. Mtu mrefu, amekonda, mashati mawili moja juu ya jingine kwenye joto lile. Ana umri wa baba yetu kama angekuwa hai. Na hapo adabu ikanisaliti, maana huwezi kumgombeza mzee kabla ya kumsalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ni dada wa Pius, mnafanana paji la uso." Akainuka kwa shida, akanipa kigoda. "Yule kijana Mungu amuweke. Nimekuwa nikisema nije kuwashukuru nyumbani kwenu."

Nikamwambia sikuja kushukuriwa. Nikamwambia kwamba ugonjwa wa Pius umepanda, kwa sababu alikuwa anakunywa nusu ya dawa, na nusu nyingine iko kwenye nyumba hii.

Mzee Kasiano alishusha ule mpini chini.

"Nusu?" akasema. "Yeye aliniambia anapewa za ziada. Alisema yeye ni mwili mkubwa, wanampa nyingi, zinabaki."

Yale maneno yangu yote yakawa hayana mtu wa kuambiwa. Pius alimdanganya hata huyu.

Aliingia ndani akakaa kitambo. Alipotoka alikuwa na kifuko cha plastiki kilichofungwa fundo. Akanifungulia kiganjani mwangu. Vidonge vitano.

"Vilivyobaki ni hivi. Nilikuwa navivuta, kimoja kila baada ya siku tatu. Mrudishie. Mwambie mimi nimeshaishi, nina wajukuu kumi na mmoja. Sikujua, mwanangu. Ningejua nisingepokea hata kimoja."

Nilikuwa nimekuja bondeni kuvichukua vile vidonge. Ninawaambia ukweli, hilo ndilo lililonipeleka. Sasa viko mkononi mwangu na nilijisikia kama mtu aliyeiba kanisani.

"Bandama lako vipi?" nikamuuliza.

Akainua shati. Sikuhitaji kushika.

Nikamrudishia kifuko. "Hivi utavila wewe, kimoja kila siku kuanzia leo, baada ya chakula. Viko vitano na siku ziko tano. Alhamisi alfajiri uwe stendi ya Sumbawanga. Tunakwenda wote watatu."

"Kule walinifukuza, mwanangu. Mbele ya watu. Mimi mtu mzima."

"Najua."

"Siwezi kusimama tena pale nikaitwa mwizi."

"Utasimama nyuma yangu," nikasema. "Atakayeitwa ni mimi."

Mke wake, ambaye muda wote alikuwa mlangoni, akauliza kama ninakula samaki. Nikala samaki wa ziwani na wali wa shamba lao, wali mzuri kuliko wowote nilioupika maisha yangu, na nikala nikiwa bado nimekasirika. Nauli ya mzee aliitoa mwanawe wa pili siku iliyofuata, kutoka kwenye mpunga wake. Ilikuwepo tangu mwanzo. Mzee alikuwa ameona haya kuiomba.

Dirishani

Alhamisi ile mzee alikuwa stendi kabla yetu, amevaa koti la harusi ya mtu. Njiani alituimbia nyimbo za kanisa hadi kondakta akamwomba apunguze. Alilala bega la Pius, na Pius hakusogea hadi bega likafa ganzi.

Majibu ya Pius yalikuwa yamerudi. Chembe hazijabadilika umbo. Kwa mwezi mmoja wa kunywa kila siku zimeanza kushuka, si sana, lakini zimeshuka. Daktari alimwonyesha kwenye karatasi kwa kidole, akamwambia amenusurika kwa bahati tu, na asirudie. Pius akaahidi. Mimi nilimwambia daktari kwamba kuanzia sasa nahesabu vidonge vile kila Jumapili baada ya misa, na ninahesabu kweli, muulizeni Editha.

Kisha tukaenda dirishani kwa ajili ya mzee. Daktari alikuwa ameandika kikaratasi, lakini kwenye dirisha alikaa mtu mwingine, kijana mwenye mhuri, ambaye hakuwa na habari yoyote. Akasema faili la Kasiano limefungwa. Akasema arudi mkoani kwanza. Akasema hata hivyo saa za wagonjwa wapya zimepita. Nyuma yangu nilisikia mzee anasema taratibu, "Twende, mwanangu, tusiwasumbue."

Sikuondoka. Nikaweka kile kikaratasi cha daktari kwenye upenyo wa kioo nikakishikilia kwa kidole. Foleni nyuma yetu ilianza kuguna. Kijana akanitazama, akamtazama mzee na koti lake, akaniuliza kama mtu aliyechoka, "Na huyu ni nani wako?"

"Huyu ndiye aliyekuwa anakula dawa za mdogo wangu," nikamwambia. "Mpeni za kwake."

Ilichukua hadi saa tisa na nusu, na damu kutolewa, na daktari kushuka mwenyewe kutoka ghorofani. Mzee Kasiano alitoka na kopo lake lenye jina lake, amelishika kwa mikono miwili. Tarehe zetu za kurudi wamezifanya siku moja. Ni mwezi wa tisa, na ninyi wa jikoni mjue mapema kwamba sitakuwepo.